Jibu: Jade ya kaburini, mbona nyeupe?

Mkuu, umeuliza kwa nini ile sahani ya jade (jiwe gumu la mapambo) ya kaburi la kale la Liangzhu, China, ni nyeupe kama mfupa wakati jade tunaijua ya kijani. Hiyo peke yake haimaanishi ni feki.

Jade ya kale ya China ni nefraiti, jiwe la nyuzi za madini zilizosongamana, ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Ikilala udongoni miaka kama 5,000, unyevu hupenya na kulegeza nyuzi hizo, na jiwe linabaki na vitundu vidogo vidogo ndani. Mwanga ukifika hapo hutawanyika badala ya kupita, ndiyo maana unaona weupe mzito kama chaki. Kijani huweza kubaki katikati, penye unene.

Madoa ya kahawia ni kitu kingine: chuma cha kwenye udongo kimeingia kwenye nyufa.

Ila kama unataka kununua, tulia kwanza. Wajanja huchoma jade mpya mpaka inakuwa nyeupe. Chukua lenzi uangalie uso wake. Iliyochomwa mara nyingi ina mtandao wa nyufa nyembamba sana. Mimi bila kujua ilichimbwa wapi sitoi hata shilingi.