Ustawi wa jamii au saikolojia?

Umeuliza usomee kipi kati ya ustawi wa jamii na saikolojia, kwa kuwa unataka kuwasaidia watu wa LGBTQ, yaani wanaopenda wa jinsia yao au jinsia zote mbili, waliobadili jinsia na wengine kama hao. Mimi ningechagua ustawi wa jamii. Kijana aliyefukuzwa nyumbani baada ya wazazi kugundua anapenda wa jinsia yake anahitaji mtu wa kumsikiliza, ndiyo, lakini usiku huohuo anahitaji pia pa kulala, na kesho yake ada, dawa, pengine wakili. Afisa ustawi ndiye anayemuunganisha na hayo yote. Mwanasaikolojia mara nyingi ana ile saa moja ya mazungumzo tu.

Ila tafadhali, jifunze kutunza siri kabla ya jambo lolote. Jina lililoandikwa ovyo kwenye faili, au simu uliyompigia mama yake kwa nia njema, vinaweza kumharibia mtu maisha. Na usikubali kamwe kumpeleka mtu “akarekebishwe”. Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha yake ya magonjwa mwaka 1990; hapo hakuna cha kutibu.

Mafunzo kwa vitendo omba uyafanyie kwenye makao ya vijana au kliniki ya VVU. Huko utajua mapema kama moyo wako unaiweza kazi hii.