Mzee Akianguka, Msimkalishe

Mzee akianguka mara moja tu, nyumba nzima inageuka ulinzi. "Mama, kaa, nitakuletea." "Bibi, usitoke peke yako." Maji analetewa, chakula analetewa, hata kufunga dirisha haruhusiwi. Ni mapenzi, wala silaumu mtu. Lakini miguu isiyotumika hunywea, na ya mzee hunywea upesi zaidi. Baada ya wiki chache hatua zimekuwa fupi, hofu imeshamkaa, na yule tuliyekuwa tunamlinda yuko karibu zaidi na kuanguka kuliko mwanzo.

Mama yangu amevuka miaka 70, nami naishi naye Tanga. Aliteleza bafuni, akavunjika mkono karibu na kiganja. Mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, akamwamkia, akautazama mkono, kisha akasema, "Bibi, hebu inuka hapo kwenye kiti bila kushika kitu." Mama akajaribu, akarudi chini. Ilibidi aegemee meza ndipo akasimama. Yule kijana akanigeukia: "Dada, mkono utaunga. Miguu ndiyo imemwangusha, na miguu inafundishika."

Maneno hayo ndiyo ninayotaka kila anayelea mzee ayasikie. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, zaidi ya asilimia 80 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wanaoongoza ni wenye zaidi ya miaka 60. Kwetu husemwa tu kwamba uzee umemchukua, ilhali safari ilianza na nyonga kuvunjika, kikafuata kitanda, vidonda vya mgongoni, kisha nimonia.

Mwili husimama kwa msaada wa vitu vitatu: macho, sehemu ya ndani ya sikio, na hisia za nyayo na viungo zinazoueleza ubongo mguu umekaa wapi. Juu ya hivyo lazima kuwe na misuli ya kujibu haraka mwili unapoyumba. Umri hupunguza vyote. Kisukari hutia nyayo ganzi, mtoto wa jicho hufifisha macho. Ndiyo maana mzee anayetembea vizuri mchana anaweza kuyumba vibaya umeme ukikatika. Huwezi kumrudishia sikio la ujana, ila misuli na ule wepesi wa kujishika vinarudi kwa mazoezi, hata baada ya miaka 80. Huko New Zealand, Chuo Kikuu cha Otago kilitunga mpango wa mazoezi ya nyumbani kwa wazee, ukajaribiwa miaka ya 1990 kwa wanawake wa miaka 80 na zaidi. Walioufuata walianguka mara chache kuliko wenzao.

Sisi tulianza na kiti. Si cha plastiki, maana hicho ni chepesi na hukimbia; tulichukua kiti cha mbao, tukakiegemeza ukutani. Miguu irudi nyuma kidogo ya magoti, kifua kiende mbele, kisha ainuke bila mikono. Kurudi kukaa kuwe kwa polepole kabisa, kwa sababu misuli hufanya kazi kubwa wakati wa kushuka. Mama alipokuwa hawezi, tulikunja blanketi tukaliweka juu ya kiti ili kiwe kirefu. Nguvu zilipoongezeka, blanketi tukalitoa.

Kisha mazoezi ya kusimama, na hapa nondo za dirisha zilitufaa kuliko kifaa chochote. Anashika nondo kwa mikono miwili, miguu imeungana. Akitulia sekunde 10, mguu mmoja unasogea mbele nusu hatua. Halafu kisigino cha mbele kigusane na vidole vya nyuma, kana kwamba amesimama juu ya kamba. Mwisho, mguu mmoja. Katika kila hatua unapunguza kushika: mikono miwili, mmoja, kidole kimoja, kisha mikono ikae karibu na nondo bila kugusa. Wewe simama ubavuni, nyuma kidogo yake, tayari kumdaka, lakini usimshike. Ukimshika, balansi inayofanya kazi ni yako.

Na lazima ayumbe kidogo. Hili watu wengi hawalikubali, wanaona kama hatari. Zoezi lisilomtikisa mzee hata chembe halimfundishi kitu. Mwili hujifunza kujishika pale unapokuwa karibu kupoteza balansi. Kwa sababu hiyo hiyo, matembezi ya jioni ni mazuri kwa moyo na kwa roho, lakini peke yake hayatoshi. Ongeza kutembea ubavuubavu ukutani, kuinuka kwa vidole vya miguu, kugeuka kushoto na kulia. Shirika la Afya Duniani linashauri wazee wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya balansi na nguvu siku 3 au zaidi kwa wiki.

Kilichomsukuma mama hasa haikuwa hofu ya kuanguka. Tangu ateleze alikuwa akisali juu ya kiti, na alitamani kurudi kwenye mkeka. Kuinuka kutoka sujudu hadi kusimama ni kazi nzito kwa mapaja, kwa hiyo tukalifanya ndilo lengo. Siku aliposali Adhuhuri kwa kusimama, akasujudu na kuinuka mwenyewe huku kiti kikiwa pembeni tu, sikuhitaji tena kumkumbusha mazoezi. Tafuta mzee wako anataka nini: kwenda sokoni mwenyewe, kupanda daladala, kuchuma mboga shambani. Akipata sababu yake, utapata mwenzako wa mazoezi.

Nyumba nayo iangaliwe. Bafuni tulimwita fundi akafunga bomba la chuma ukutani. Ndoano ya taulo haibebi mtu. Ndala zilizolika soli tulizitupa. Madera yaliyokuwa yakifagia sakafu yalipunguzwa yakaishia juu ya kifundo cha mguu. Alfajiri, mama haruki kitandani: anakaa ukingoni kwanza, anachezesha miguu, ndipo anasimama, kwa kuwa shinikizo la damu la wazee wengi hushuka ghafla wakiinuka. Kama mzee wako hupata kizunguzungu, au anatumia dawa za presha au za usingizi, mweleze daktari na mpeleke na dawa zote azione. Asiziache kwa uamuzi wenu. Na aliyevunjika nyonga, aliyepata kiharusi au anayezimia asianze mazoezi haya kabla hajapimwa.

Jambo la mwisho ni kumfundisha kuinuka kutoka sakafuni, angali mzima. Mzee anaweza kuanguka bila kuumia kokote, kisha akalala pale kwa saa nyingi kwa kukosa njia tu. Ajigeuze ubavu, ajisukume kwa mikono hadi apige magoti, atambae mpaka kwenye kiti kizito au kitanda. Aweke mikono juu, atangulize mguu wenye nguvu, apumue, ainuke na kukaa. Fanyeni pamoja juu ya godoro kwanza. Lakini akianguka kweli na kulalamika maumivu ya kinena, au mguu mmoja ukaonekana mfupi na unyayo umegeukia nje, msimwinue wala msimlazimishe akanyage. Mfunikeni hapo hapo, mwekeeni mito ubavuni mguu usitikisike, na mtafute gari ambalo anaweza kulazwa.