Ubao wa kaboni, Hurricane 3 au viatu: nianze na nini?

SWALI: Shikamoo kocha. Niko Kigoma, maeneo ya Mwanga, nina miaka 20 na huu ni mwaka wa tatu nacheza tebo tenisi. Natumia raketi ile ya dukani inayokuja imeshabandikwa raba, sasa raba zimeisha, mpira unateleza tu na spini, ule mzunguko wa mpira, haishiki. Nataka nijiungie raketi yangu mwenyewe. Jamaa mmoja anayetoka Dar kaniambia nichukue ubao wa kaboni na raba za Hurricane 3 pande zote mbili, ile sponji ya chini ya raba iwe nene kabisa, eti ndo anazotumia Ma Long, yule bingwa wa Olimpiki wa China. Mi nashambulia kwa fohendi, upande wa kiganja, ila bekhendi, upande wa mgongo wa mkono, nabloku tu, yaani nazuia mpira urudi. Tunacheza kwenye sakafu ya simenti na navaa viatu vya kukimbilia, kifundo cha mguu kimeshateguka mara mbili. Kwa bei alizonitajia hela yangu haitoshi ubao, raba na viatu vyote kwa pamoja. Nianze na nini? Halafu ni lazima raba ziwe nyekundu na nyeusi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana na hicho kifundo. Naanza na viatu halafu ndo tuje kwenye raketi, najua we akili yako yote iko kwenye raketi, ila raketi unaweza kubadilisha hata mwezi ujao, mguu huo ukiutegua mara ya tatu utakaa benchi muda mrefu na ukirudi utakuwa unaogopa kusogea. Kabla hujarudi mezani pita hospitali ya Maweni wakakuangalie hicho kifundo, mara mbili sio jambo la kupaka dawa ya kuchua na kuendelea.

Kiatu cha kukimbilia kimetengenezwa kwa ajili ya mtu anayeenda mbele. Kisigino kiko juu, soli ni nene na laini ili ipokee kishindo cha barabarani. Sasa sisi mezani hatuendi mbele, tunaenda pembeni kwa hatua fupi fupi, unatoka kona ya bekhendi unakimbilia fohendi, unafunga breki ghafla na uzito wote umeangukia ukingo wa nje wa mguu, hapo ile soli laini inabonyea upande mmoja, mguu nao uko juu mbali na sakafu, kifundo kinapinduka. Kwa hiyo usijilaumu kwamba una miguu mibovu, hicho kiatu hakikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Unachotafuta ni kiatu chepesi, soli nyembamba na bapa, ile raba ya rangi ya asali inayokamata sakafu, kisigino kisiwe juu sana kuliko mbele, na pembeni kiwe kigumu kidogo kishike mguu. Butterfly, Mizuno na Asics wanatengeneza viatu vya tebo tenisi kabisa lakini sio lazima, viatu vya badminton au vya voliboli ya ndani vinafanya kazi hiyohiyo na ni rahisi zaidi kuvipata, hata kwenye mitumba vipo kama una jicho. Ukikishika mkononi kikunje, kinatakiwa kikunjike pale vidole vinapoanzia, kikikunjika katikati ya unyayo kirudishe. Minya nyuma ya kisigino kwa dole gumba, kikiingia ndani kirahisi kirudishe pia. Halafu bonyeza soli kwa ukucha, maana kiatu cha mtumba kinaweza kuwa kinaonekana kipya kabisa ila soli imekaa miaka imekuwa ngumu, hiyo kwenye simenti utateleza tu. Kivae na soksi zile unazochezea na usiache nafasi kubwa mbele, mguu ukicheza ndani ya kiatu ni tatizo lilelile limerudi kwa njia nyingine.

Na hivyo viatu usitembee navyo barabarani. Beba kwenye begi, vaa ukishafika ukumbini. Simenti inakula soli laini haraka, ukiongezea na mchanga wa njiani miezi michache tu vimekwisha. Kuhusu vumbi la sakafuni, muwe na kawaida ya kupiga deki na kuacha pakauke kabla ya kuanza, na weka kitambaa kibichi karibu na meza ukanyage mara moja moja katikati ya mchezo. Mtafute Quadri Aruna wa Nigeria umwangalie, yule aliyefika robo fainali ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016, watu wote wanaangalia fohendi yake ila we angalia miguu inavyotangulia, ile fohendi haiwezi kutoka kama miguu imechelewa kufika.

Sasa raketi. Jamaa yako hajakudanganya kwamba hivyo ni vitu vizuri, ni vizuri sana, ila kakupa jibu la Ma Long na aliyeuliza ni wewe. Kwanza hiyo Hurricane 3 ya dukani na ile wanayopewa timu ya taifa ya China hazifanani, DHS, kampuni ya China inayoitengeneza, wanazitoa kwa madaraja, kuna ya kawaida, ya mkoa na ya taifa, sponji zake tofauti. Pili ni raba ya kunata na sponji yake ni ngumu, wanaiandika digrii 39 mpaka 41 hivi kwa kipimo cha Kichina, na hapa wengi wanachanganya, wanaona 40 ya China wanadhani ni laini kuliko 45 ya raba ya Kijerumani wakati vipimo ni viwili tofauti, hiyo 40 ya China ni ngumu zaidi.

Ugumu wa sponji una maana gani kwako? Mpira ukigonga raba unatakiwa uzame kidogo kwenye sponji, ile ngozi ya juu iushike, halafu mkono wako unaopanda ndo unauzungusha. Sponji ngumu inataka mkono wenye kasi kubwa sana ndo mpira uzame. Mkono ukiwa wa wastani, au umechelewa kidogo, mpira hauzami, unagonga juu juu na kutoka bapa bila spini, unaingia kwenye neti. Wachina wanaanza wadogo sana, wanazoezwa kila siku kutumia kiuno na mguu wa kulia kwenye kila lupu, lile pigo la kupandisha mkono na kuuzungusha mpira, kwao hiyo sponji inalipa. Kwako we mwenye mwaka wa tatu na bekhendi ya kubloku, upande wa bekhendi ndo utateseka kabisa maana bloku haina mkono mrefu wa kuizamisha hiyo sponji, na kile kinato cha juu kitakuwa kinashika spini ya mpinzani na kukurushia mpira hewani.

Halafu kuna suala la vumbi. Raba ya kunata inakusanya vumbi, huku kwetu Tabora wakati wa kiangazi ukicheza seti moja tu unaiona imefifia, unaifuta kila mara. Huko kwenu ziwani shida ni unyevu, masika raba inapata jasho na mpira unateleza juu yake. Raba yoyote inapata hayo mambo ila hii ya kunata inahitaji utunzaji zaidi.

Kaboni nayo. Sheria ya ITTF, shirikisho la kimataifa la tebo tenisi, inasema ubao uwe na mbao halisi angalau asilimia 85 ya unene wake, na kila tabaka la nyuzi kama kaboni lisizidi asilimia 7.5 ya unene wote au milimita 0.35, ile iliyo ndogo. Yaani ni utando mwembamba tu, lakini unabadilisha mambo, ubao unakuwa wa kasi na eneo zuri la kupigia linapanuka. Kwa mtu ambaye mapigo yake yameshakaa hiyo ni faida kubwa. Kwa mtu anayejifunza inaficha makosa, mpira unaondoka haraka mno kabla mkono haujausikia, hujui umeupiga vizuri au vibaya, na ukibloku unaruka nje ya meza unaanza kubana mkono. Ukishazoea kubana mkono kuja kuuachia tena ni kazi ya muda mrefu, nimewaona vijana wengi wameishia hapo na inaniuma kwa sababu walikuwa na vipaji.

Chukua ubao wa mbao tupu, tabaka tano, wa aina ile wanayoiita olraundi, kama Stiga Allround Classic au Yasaka Sweden Extra ambao una kasi kidogo zaidi na utakufaa we unayeshambulia. Kuna kitu napenda sana vijana wajue, mbao nyingi zinazotumika kwenye hizo raketi ni za miti ya Afrika, limba, koto, ayous, zote ni za misitu ya Afrika ya Magharibi na ya Kati, zinaenda Uswidi, Ujerumani, Japani na China kisha zinarudi kwetu zikiwa raketi. Uzito wa ubao peke yake tafuta gramu 85 hivi, ukishabandika raba mbili raketi nzima itakuja kwenye 175 mpaka 185. Mbao mbili za jina moja zinaweza kupishana gramu kadhaa, kama anayekununulia yuko Dar mwambie aupime, mizani ya sonara au ya maabara ya shule inatosha. Aulaze pia juu ya kioo cha dirisha aone kama haujapinda. Mpini chagua kwa mkono wako, uliopanuka chini au ulionyooka, hapo hakuna sheria.

Raba, mi ningekuwekea Yasaka Mark V pande zote mbili, raba ya tangu mwaka 1969 na bado inauzwa mpaka leo, sio ngumu sana na spini inatoka hata kwa mkono wa wastani. Sponji ya fohendi iwe milimita 2.0, ya bekhendi 1.8. Sio unene wa mwisho, hapana. Sponji nene inaongeza kasi na inakufanya upokee spini ya mwenzio zaidi, bekhendi ya kubloku inataka utulivu. Ikikushinda bei, 729 Super FX ni ya bei nafuu na inanata ila haina shida nyingi. Mwakani ukiwa unapiga lupu kumi za fohendi mfululizo dhidi ya bekspini, mpira unaozunguka kurudi nyuma, na zinaingia, hapo njoo tuongee habari ya Hurricane 3, upande wa fohendi peke yake.

Sasa hela. Ubao maarufu wa kaboni kama Viscaria wa Butterfly, bei yake peke yake inakaribia kutosha ubao wa mbao tupu, raba mbili za 729 na viatu vya kawaida vya badminton. Kwa hiyo ukiacha kaboni swali lako la kuchagua linapungua sana. Na kama bado haitoshi, nunua viatu na raba mbili tu, bandua zile za zamani ubandike mpya kwenye huo ubao wa dukani, taratibu kuanzia kwenye mpini ukivuta kwa mshazari ili usichane mbao. Utashangaa raketi ya zamani itakavyofufuka. Ubao mpya utafuata, na huo ukiununua unakaa nao miaka, raba ndo zinaisha, kwa hiyo kila mwaka weka akiba ya raba.

Raba halali ina alama ya ITTF karibu na mpini, pamoja na alama ya kiwanda na namba. Maandishi yakiwa yamefifia au vipele vya ndani vinaonekana havijapangana vizuri, achana nayo. Rangi sio lazima nyekundu na nyeusi, hiyo ilikuwa zamani. Tangu Oktoba 2021 upande mmoja lazima uwe mweusi, wa pili unaweza kuwa nyekundu, pinki, zambarau, kijani au bluu. Ila kwa sisi wa mbali nyekundu ndo rahisi kupatikana, usisumbuke.

Gundi, tafadhali usitumie ya fundi viatu. Najua wengi wanafanya hivyo. Gundi za namna hiyo zenye kemikali za kuruka hewani zilipigwa marufuku mwaka 2008 baada ya Olimpiki ya Beijing kwa sababu ya afya za wachezaji, wewe unabandika chumbani madirisha yamefungwa unavuta yote. Gundi ya seremala nayo hapana, inakauka inakuwa ngumu na raba hutoi tena. Agiza kichupa cha gundi ya maji pamoja na raba, ni ileile nyeupe ya kupaka kwa sponji. Kama ubao ni mpya pitisha kwanza vanishi nyepesi, mkono mmoja tu, ili siku ya kubandua nyuzi za mbao zisitoke na raba. Paka gundi nyembamba kwenye ubao na kwenye sponji ya raba, subiri mpaka weupe wote uishe iwe ya uwazi, huko Kigoma wakati wa mvua itachelewa kuliko huku kwetu, usiwe na haraka. Anza kulaza kutoka kwenye mpini ukipanda juu bila kuivuta raba, weka kitabu kizito juu yake, kesho yake geuza raketi ubao uwe juu, ukate kwa wembe mpya ukifuata ukingo.

Ukimaliza kucheza ifute kwa sponji yenye maji kidogo tu, ikauke, funika na karatasi ya plastiki ile iliyokuja nayo, na usiiache juani wala karibu na bati. Ubao ukishafika niandikie uzito wake na uniambie raketi unaishikaje, kama unapeana mkono na mtu au kama unashika kalamu, hiyo hujaniambia na kama ni kalamu hapo kwenye raba ya bekhendi nitabadilisha ushauri.