Timu ndogo imepangwa na vigogo? Amua mapema utateseka wapi

Jumatano usiku simu iliita nikiwa naosha vyombo. Alikuwa kijana mmoja Mrundi anayefundisha timu ya vijana wetu kule Dayton, Ohio: Warundi, Wakongo na Watanzania wawili. "Shikamoo kocha," akaanza, na nikasikia kabisa kwamba moyo wake hauko mahali pake. Wamepangwa kwenye kombe la mtoano na timu iliyojaa wachezaji waliotoka vyuo vikuu, timu yenye daktari wa viungo na benchi la watu saba. "Tufanyeje?" Tuliongea dakika arobaini. Niliyomwambia nayaandika hapa kwa sababu najua wako wengi wenye swali hilo hilo, huku Marekani na kwingineko.

Nianze na yaliyonikuta mimi. Mara ya kwanza timu yangu kuingia kombe la mtoano la hapa jimboni, niliwaambia vijana tucheze mpira wetu: pasi fupi, tuanze nyuma kwa kipa, tusiogope mtu. Dakika ya 20 tulikuwa nyuma 3-0. Tulimaliza 7-1. Beki wangu wa kati, kijana anayebeba mizigo ghalani siku sita kwa wiki, alikaa chini ya goli baada ya filimbi akavua viatu, akavifunga kamba pamoja polepole, hakusema neno na mtu. Wiki mbili hakuja mazoezini. Kosa lile lilikuwa langu, si lake. Nilikuwa nimewapeleka vijana vitani bila kuwaambia vita yenyewe ikoje.

Tangu siku hiyo nikaanza kufuatilia U.S. Open Cup kama mtu anayesoma kitabu cha shule. Hilo ndilo kombe kongwe la soka la Marekani. Bingwa wa kwanza alipatikana mwaka 1914, Brooklyn Field Club, na tangu hapo limekuwa likichezwa kila mwaka hadi korona ilipolisimamisha. Uzuri wake ni kwamba timu ya ridhaa, wachezaji wake mafundi, walimu na madereva, inaweza kukutana na timu ya MLS, ligi kuu ya kulipwa ya huku, yenye nyota wa mamilioni. Na huku jambo hilo lina uzito kuliko kwetu. Nyumbani tumezoea kwamba timu ya mkoani ikifanya vizuri inapanda daraja, na siku moja Simba na Yanga watakuja kwenye uwanja wake. Marekani hakuna kupanda hadi MLS wala kushuka kutoka huko. Nafasi ya MLS inanunuliwa. Kwa timu ndogo, kombe hili ndilo mlango pekee.

Sasa, ukiwatazama waliopita mlango huo, utagundua hawakufanana. Wengi wetu tunadhani timu ndogo hushinda kwa moyo. Moyo wanao wote, hata wanaofungwa saba. Waliofanikiwa walikuwa wameamua mapema ni sehemu gani ya mchezo watakubali kuteseka, na ni sehemu gani hawatakubali kabisa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Cal FC, mwaka 2012. Ilikuwa timu ya ridhaa kutoka California, imekusanywa na Eric Wynalda, yule mshambuliaji wa zamani wa timu ya taifa ya Marekani. Wengi wa wachezaji wake walikuwa wameachwa na klabu za kulipwa, au hawakuwahi kuchukuliwa. Wakaenda Portland kucheza na Timbers ya MLS, ugenini, mbele ya mashabiki wanaoimba tangu mwanzo hadi mwisho. Portland walipiga mashuti zaidi ya 30. Wakapata na penalti, Kris Boyd akaikosa. Dakika 90 zikaisha 0-0. Mwanzoni mwa muda wa nyongeza, Artur Aghasyan akafunga, na Cal FC wakashinda 1-0.

Ukisikia mashuti zaidi ya 30 utasema ni bahati. Bahati ilikuwepo, siikatai. Penalti ikikosewa ni bahati. Lakini usikome hapo. Mtu anayekushambulia usiku kucha na hafungi anaanza kuharakisha. Anapiga kutoka mbali, anapiga akiwa na beki mbele yake. Timu iliyokubali kushambuliwa haishtuki kwa kushambuliwa, na ile iliyotegemea kumiliki mpira inavunjika moyo dakika ya kumi. Ndiyo tofauti ya Cal FC na timu yangu ya 7-1. Na angalia jambo jingine: walipopata nafasi walikuwa na mtu mbele wa kuitumia. Kupaki basi, yaani kurundika watu wote nyuma, bila mshambuliaji aliyebaki juu ni kuchagua kufungwa polepole. Kwa hiyo nilimwambia yule kijana: acha mtu mmoja juu, hata mkiwa mnakufa nyuma, na mtu huyo awe yule ambaye akipata nafasi moja mkono wake hautetemeki. Asiwe lazima mwenye mbio kuliko wote.

Raundi iliyofuata Cal FC walikutana na Seattle Sounders wakafungwa 5-0. Nalitaja hilo kwa makusudi. Kuteseka kuna kiwango chake. Hakuna timu inayoweza kuishi hivyo wiki baada ya wiki.

Kuna usiku mmoja niliuona kwa macho yangu. Juni 2017 mfanyakazi mwenzangu alinipa tiketi ya Nippert Stadium, Cincinnati. FC Cincinnati wakati huo walikuwa ligi ya USL, bado hawajaingia MLS, na walikuwa wameshawatoa Columbus Crew ya MLS 1-0 kwa kichwa cha Djiby Fall, Msenegali. Siku hiyo walicheza na Chicago Fire, nayo ya MLS. Watu 32,287, kwa mechi ya timu ya daraja la pili, katikati ya wiki! Sijawahi kuona kitu kama kile tangu nije nchi hii. Nilikuwa nimekaa na mzee mmoja Mkongo aliyekuja na wajukuu, na kila Chicago walipopata kona alikuwa akinishika mkono kwa nguvu bila kujijua. Dakika 120 hakuna bao. Kwenye mikwaju ya penalti kipa Mitch Hildebrandt akaokoa mitatu. Uwanja ulitetemeka, nasema kweli, nilisikia zege likicheza chini ya miguu yangu.

Niliporudi nyumbani nililala saa tisa usiku nikiwaza penalti. Timu ndogo ikifika penalti imeshinda nusu ya safari, maana pale bajeti haipigi mpira. Sisi tulikuwa tunazifanyia mazoezi vipi? Mwisho wa mazoezi, kila mtu anapiga huku wenzake wanacheka, anayekosa anarudia. Hayo si mazoezi. Nikabadilisha. Sasa vijana wangu wanakimbia kwanza mpaka miguu imekuwa mizito. Halafu wote wanasimama duara la kati, ninataja jina moja, na huyo anatembea peke yake hadi kwenye kitone. Hakuna anayeongea. Anaweka mpira mwenyewe, anapiga mara moja tu, anarudi. Akikosa, hakuna kurudia hadi wiki ijayo. Ile safari ya kutoka katikati kwenda kwenye kitone ndiyo inayoua watu, kuliko mkwaju wenyewe, na ni lazima mguu uizoee. Kipa naye ana kazi yake: kila anayepiga, kipa anamwangalia mguu usiopiga, unaelekea wapi, na ananieleza baadaye alichoona.

Mwaka 2022 Sacramento Republic, timu ya USL, nao walishinda kwa penalti kwenye nusu fainali. Walikuwa wameshawatoa San Jose na LA Galaxy, zote za MLS. Wakashikilia 0-0 na Sporting Kansas City, nayo ya MLS, kwa dakika 120, kipa Danny Vitiello akaokoa mkwaju wa Graham Zusi, na nahodha Rodrigo López akapiga wa mwisho ukaingia. Mji ule ulikuwa na kidonda. Mwaka 2019 waliahidiwa nafasi MLS, na mwaka 2021 tajiri mkuu akajitoa, ndoto ikaanguka. Usiku ule wa penalti walipata kitu ambacho hakuna tajiri angeweza kuwanyang'anya.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo timu ndogo nyingi zinapofia, na hakuna anayeliongelea. Robo saa ya mwisho. Kwenye fainali ya mwaka huo Sacramento walikwenda Orlando, na mchezo ukawa 0-0 hadi dakika ya 75. Walimaliza wamefungwa 3-0. Rudi kwa FC Cincinnati wa 2017: nusu fainali na New York Red Bulls, nyumbani, watu 33,250, wakaongoza 2-0. Red Bulls wakasawazisha robo saa ya mwisho, Gonzalo Verón aliyetokea benchi akiwa sehemu ya mageuzi hayo, na Bradley Wright-Phillips akamaliza kazi kwenye muda wa nyongeza, 3-2. Ona pia Christos FC, timu ya ridhaa ya Maryland iliyofadhiliwa na duka la vinywaji, wachezaji ambao hawakuwa na mazoezi ya pamoja kwa sababu ya kazi. Mwaka huo huo waliongoza 1-0 dhidi ya D.C. United, bao la Mamadou Kansaye. Mwisho ubao ulisoma 4-1.

Timu kubwa ikikuzidi kwa kipaji unaweza kuvumilia. Ikikuzidi kwa benchi, inakungoja uchoke. Mchezaji wa kwanza wa timu kubwa anaweza asiwe mbali sana na kijana wako bora. Aliye mbali ni wa kumi na tano wao ukimlinganisha na wa kumi na tano wako. Kwa hiyo usitumie vijana wako bora wote kuanza. Nilipoanza kumweka kiungo wangu mwenye pumzi benchi hadi dakika ya 60, wachezaji walininung'unikia, na baba yake alinipigia simu kwa hasira. Nilimsikiliza baba yule kwa heshima zote, na sikubadilisha. Mwaka wa pili kwenye kombe lile lile tulipangwa tena na timu ya wasomi wa vyuo. Dakika 90 tukatoka 1-1, na kiungo yule ndiye aliyekuwa anakimbia peke yake wakati wenzake wote wamekufa ganzi. Tukashinda kwa penalti 4-2.

Utaniuliza, je, timu ndogo inaweza kulibeba kombe lenyewe, si kushangaza raundi moja tu? Tangu MLS waingie mwaka 1996, moja tu imeweza: Rochester Raging Rhinos, mwaka 1999. Walikuwa A-League, daraja la pili, wakichezea uwanja wa besiboli uliokuwa ukijaa watu. Waliwatoa Chicago Fire, waliokuwa mabingwa watetezi, wakawatoa Dallas Burn, wakawatoa Columbus Crew, na kwenye fainali wakawafunga Colorado Rapids 2-0, mabao ya Doug Miller na Yari Allnutt. Timu nne za MLS mfululizo. Na hawa hawakuwa watu wa kujificha nyuma. Walikuwa timu nzuri kweli, wachezaji waliokaa pamoja, chini ya kocha Pat Ercoli. Miaka mitatu kabla walishafika fainali wakafungwa na D.C. United. Ukitaka raundi moja, jifunze kuteseka. Ukitaka kombe, usiwatawanye watu wako kila msimu unapoisha. Kwetu sisi wahamiaji hilo ni gumu sana, kwa sababu kijana akipata kazi yenye senti mbili zaidi Texas au Iowa, anahama kesho yake, na huwezi kumlaumu.

Kuna jambo linaniuma. Desemba 2023 MLS walitangaza wanataka kutoa timu zao za kwanza kwenye kombe na kupeleka vikosi vyao vya akiba. Shirikisho likakataa, lakini mwaka 2024 ni timu nane tu za MLS zilizoingiza vikosi vya kwanza. Wanasema ratiba imebana. Mimi nasema mkifunga mlango huu, kijana wa Dayton atacheza bustanini hadi magoti yaishe na hakuna atakayemwona. Bernard Kamungo alizaliwa kwenye kambi ya Nyarugusu, Kigoma, wazazi wake Wakongo, akafika Abilene, Texas, akiwa kijana mdogo. Alionekana kwenye majaribio ya wazi ya North Texas SC, timu ya daraja la chini, kisha FC Dallas, na mwaka 2024 akavaa jezi ya Marekani. Madaraja ya chini ndiko watoto wetu wanakopita. Ndiyo maana nawaomba mnaoishi karibu na timu hizi: raundi za mwanzo tiketi ni rahisi, nendeni, pelekeni watoto.

Na wenye timu za ridhaa mnaotaka kuingia wenyewe: michujo huanza vuli ya mwaka unaotangulia, kwa hiyo ukianza kuulizia masharti mwezi wa tatu, umechelewa. Andikisha timu kwenye ligi inayotambuliwa, weka vitambulisho vya wachezaji kwenye faili moja, na mtu mmoja ahusike na karatasi tu. Nimeona timu nzuri ikitolewa kwa fomu.

Mwisho wa simu nilimuuliza yule kijana kuhusu kipa wake. Akasema ni mzuri, tatizo anafanya kazi ya usiku ghalani, na mechi ni Jumapili saa tatu asubuhi. Anatoka zamu saa kumi na mbili. Nikamwambia aache kwanza mambo ya mfumo na nani anacheza wapi. Kesho asubuhi atafute mtu wa kubadilishana zamu na kipa huyo, hata ikibidi timu nzima ichange kumlipa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema anamjua mmoja, Mkenya, anakaa jengo la pili. Atamgongea kabla hajalala.