Adungu inakwaruza: nibadilishe?

SWALI: Nina adungu (kinubi) ya nyuzi tisa ninayompigia mtoto anapolala. Uzi mnene unakwaruza, na kila jioni nyuzi zote zimelegea. Je, nichukue endongo badala yake? – Msomaji, Arua, Uganda

JIBU: Hapana, dada. Endongo, ala ya nyuzi ya Baganda, hukwaruza kwa makusudi: nyuzi zake hutetema zikigusa ngozi ya kenge. Inapendeza kwenye sherehe, si kitandani. Kwa utulivu, kinubi cha Waalur ulicho nacho hakina mpinzani.

Tazama fundo la uzi huo kwanza. Mkia wa nailoni ulioachwa mrefu hugonga ngozi, ukate. Kama si hivyo, huenda fundi ametumia mshipi mwembamba wa kuvulia samaki, akaulegeza mno ili utoe sauti nzito. Weka mshipi mnene zaidi, ukaze.

Kulegea kuna sababu mbili. Nailoni mpya hunyooka kwa siku kadhaa, hivyo kaza kila mara upigapo, ukianza na uzi mnene. Ukimaliza rudia wote, maana kukaza mmoja huvuta shingo na kushusha wenzake. Pili, kigingi cha kukazia uzi huteleza. Kitoe, kipake unga wa chaki, kirudishe ukikisukuma ndani huku ukizungusha.

Masika, ngozi hunyonya unyevu na mlio hufifia. Ianike kivulini penye upepo. Jua kali hupasua mbao.

Kucha zikate. Piga kwa nyama ya kidole, katikati ya uzi: karibu na ngozi mlio huwa mkali.