Faili imefungwa, mbona imefutika?

SWALI: Katika kompyuta ya Linux tunayoitumia kwa pamoja, niliipa faili yangu ruhusa 444 ili watu waisome tu. Hata hivyo, mwenzangu ameifuta. Anasema aliulizwa kama ana hakika, akajibu ndiyo, basi. Ruhusa hizo zina kazi gani?

JIBU: Ruhusa zako zilifanya kazi yake, ila ulilinda kitu kingine. Tarakimu hizo tatu ni za mwenye faili, kikundi chake na watu wengine, na kila moja ni jumla ya 4 ya kusoma, 2 ya kuandika na 1 ya kutekeleza; kwa hiyo 444 huzuia yaliyomo yasibadilishwe. Kufuta, kwa upande mwingine, ni kuliondoa jina la faili katika folda, na mfumo huangalia ruhusa za folda hiyo, si za faili. Lile swali aliloulizwa ni hisani ya rm, amri ya kufuta, tu, wala si kufuli.

Folda ikiwa yako peke yako, tumia amri ya kubadili ruhusa: andika chmod 755 na jina lake, ili wengine wasiweze kuandika wala kufuta humo. Ikiwa ni ya wote, tumia chmod 1777: ile 1 ya mbele humruhusu mwenye faili, mwenye folda au msimamizi mkuu pekee kufuta. Ndivyo ilivyo /tmp, folda ya faili za muda, ambayo amri ya kuonyesha ruhusa, ls -ld, huionyesha kama drwxrwxrwt. Herufi t ya mwisho ndiyo alama ya ile 1. Ushauri wa kuweka 777 kila mahali, unaotolewa ovyo mno, usiufuate.