Maswali yenu kuhusu Kimaithili

Wiki iliyopita niliitaja lugha ya Kimaithili kwa kupita tu, maswali yakamiminika. Haya, tuanze.

Inaongelewa wapi, India au Nepal?

Kote kuwili. Nchi yake ya zamani inaitwa Mithila: kaskazini mwa jimbo la Bihar huko India, pande za Darbhanga na Madhubani, halafu unavuka mpaka unaingia tambarare za kusini mwa Nepal mpaka Janakpur. Sensa ya India ya 2011 ilihesabu wasemaji zaidi ya milioni 13, na huko Nepal ni lugha ya pili kwa wasemaji baada ya Kinepali.

Jirani yangu Mhindi anasema hicho ni Kihindi cha vijijini tu. Kweli?

Hapana jamani, na hili linaniuma. Kuna kitabu cha nathari cha Kimaithili, Varna Ratnakara cha Jyotirishwar Thakur, cha karne ya 14 mwanzoni, sasa lahaja gani ya kijijini ina nathari ya umri huo? Halafu angalia kitenzi. Sisi tunasema "nilimwona", anayeona na anayeonwa wote wamo ndani ya neno moja, Kihindi hakina kitu hicho ila Kimaithili kinacho, tena kimetuzidi: ukimwona mtu wa kawaida unasema *dekhaliaik*, ukimwona mtu wa heshima zake unasema *dekhaliainh*, yaani adabu imekaa kwenye mkia wa kitenzi, ukikosea tu mama mkwe kashasikia. Sisi "nilimwona" ni ileile, awe mzee awe mtoto. Serikali ya India ilichelewa sana, mpaka 2003 ndo Kimaithili kikaingizwa kwenye orodha ya lugha zinazotambuliwa na katiba, pamoja na lugha nyingine tatu.

Na Vidyapati ni nani?

Mshairi, mzaliwa wa Bisfi huko Madhubani, karne ya 14 kuingia ya 15. Msomi wa Kisanskriti kabisa, ile lugha ya kale ya wasomi wa India, ila nyimbo zake za mapenzi ya mungu wa Kihindu Krishna na mpenzi wake Radha akazitunga kwa lugha ya watu wa nyumbani, zikasafiri mpaka Bengal, upande wa mashariki, washairi wa kule wakazipenda hadi wakawa wanatunga kwa kuiga lugha yake, na karne nyingi baadaye mshairi mkubwa wa Bengal, Rabindranath Tagore, akiwa kijana naye akafanya hivyohivyo.

Wana herufi zao?

Wanazo, zinaitwa Tirhuta au Mithilakshar. Siku hizi wengi wanaandika kwa Devanagari, zile za Kihindi, kama sisi tulivyotoka kwenye herufi za Kiarabu tukaenda za Kilatini. Tirhuta iliingizwa kwenye Unicode mwaka 2014, kwa hiyo hata kwenye kompyuta inaandikika.

Nasikia wanawake ndo wameitunza lugha, kivipi?

Swali zuri kuliko yote: kwa nyimbo zao. Chukua Sama Chakeva, sikukuu ya mwezi wa Kartik, hapo Oktoba kwenda Novemba. Wasichana wanafinyanga ndege wadogo wa udongo, wanawapaka rangi, wanawapanga kwenye kikapu na taa katikati, usiku wanatoka wanaimba. Hadithi ni ya Sama, binti wa Krishna, aliyesingiziwa na mfitini anaitwa Chugla, baba akakasirika akamlaani akageuka ndege, kaka yake ndo akahangaika mpaka dada akarudi kuwa mtu. Basi huyo Chugla naye anafinyangwa, anawekewa masharubu marefu ya nyuzi, kila usiku yanachomwa moto huku wanamtukana kwa nyimbo! Mwezi mpevu ukifika, Sama anaagwa kama bibi harusi anayeenda kwa mumewe, na wanaimba *samdaun*, wimbo uleule wa kumuaga binti harusini, na mabinti walioolewa mbali wakiusikia machozi yanawatoka.